GARI NA FAMILIA: Mafuta ya breki yamepungua. Yamekwenda wapi?

Toleo lililopita tuliongea juu ya matairi, na tunawashukuru wale waliotusimamisha njiani kutuambia kwamba wamesoma na wamepima upepo. Mwezi huu tumechagua kitu kidogo kinachokaa ndani ya chupa ndogo chini ya boneti. Wengi hawakitazami mpaka siku pedali inapozama. Tunaongea juu ya mafuta ya breki, au kwa wale waliotoka upande wa Kivu, mafuta ya freni.

Labda mama fulani atasema: mimi sina gari, ukurasa huu ni wa wanaume wa steji. Hapana mama, usifunge gazeti. Hapa Nakivale gari moja si ya mtu mmoja. Corolla ile ile iliyobeba mahindi asubuhi ndiyo itakayombeba mjamzito usiku kwenda hospitali ya rufaa ya Mbarara, na kesho yake itabeba wafiwa. Mwenye gari ni mmoja, lakini breki ni za wote waliokaa ndani. Kwa hiyo soma, halafu msomee na jirani.

Jambo lenyewe ni hili. Kila asubuhi pale steji tunaona shofa anafungua boneti, anaona mafuta ya breki yameshuka chini ya alama, anamimina kidogo, anafunga, anaita abiria. Ukimuuliza, anajibu: "Aa, gari imezeeka, inakunywa." Hapo ndo tunataka kusimama mwezi huu. Petroli inaungua, hiyo ni kazi yake. Mafuta ya injini kwenye injini iliyochoka nayo yanaungua, unaona moshi wa bluu nyuma. Lakini mafuta ya breki yamefungiwa ndani ya mabomba, hayaungui na hayanywewi na mtu. Yakipungua kuna sababu mbili tu: ama pedi zimelika na mafuta yameshuka kujaza nafasi yake, ama yanamwagika mahali. Ya tatu hakuna. Basi kabla hujaongeza, jiulize kwanza: yamekwenda wapi?

KWA NINI MAJIMAJI YANASIMAMISHA GARI

Tueleze kidogo kwa ajili ya vijana. Ukikanyaga pedali, unasukuma pistoni iliyo ndani ya masta silinda. Pistoni hiyo inasukuma mafuta kwenye mabomba membamba ya chuma, halafu kwenye hosi za mpira, mpaka kwenye magurudumu. Kule mafuta yanasukuma pistoni nyingine. Kwenye breki za diski, pistoni inabana pedi. Kwenye breki za ngoma, inatanua viatu vya breki viguse ngoma kwa ndani. Breki za namna hii si jambo jipya: gari ya Duesenberg ya Marekani iliuzwa nazo tangu mwaka 1921.

Siri yake ni kwamba majimaji hayabanwi, lakini hewa inabanwa. Watoto wanaweza kujaribu nyumbani. Jaza chupa ya plastiki maji mpaka juu kabisa, funga kifuniko, kisha minya. Ni ngumu. Sasa mwaga nusu, funga tena, minya. Inabonyea. Basi ndivyo ilivyo kwenye breki. Mafuta yakishuka sana, hewa inaingia kwenye mabomba, na nguvu ya mguu wako inaishia kubana hewa badala ya kubana pedi.

KUANGALIA: DAKIKA TANO ZA ASUBUHI

Simamisha gari mahali pa tambarare, zima injini, fungua boneti. Chupa ya mafuta ya breki ni ya plastiki, imekaa juu ya masta silinda, nyuma kabisa upande wa dereva, karibu na kioo. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, tazama kulia. Kwenye chupa kuna alama mbili, MAX juu na MIN chini. Mafuta yanatakiwa kuwa katikati ya alama hizo. Mara nyingi huhitaji hata kufungua, kwa sababu chupa inaonyesha. Kama imechafuka, ifute kwa kitambaa safi na umulike kwa tochi.

Ukilazimika kufungua, kwanza futa kifuniko na shingo ya chupa. Barabara zetu ni za vumbi, nanyi mnajua lile vumbi jekundu. Likiingia ndani linakwaruza silinda na kula raba. Usiache chupa wazi ukaanza kupiga stori.

Tazama pia taa nyekundu kwenye dashibodi, ile ya duara yenye alama ya mshangao katikati. Kwenye magari mengi taa hiyo ina kazi mbili: inawaka ukivuta handibreki, na inawaka mafuta yakishuka. Kama umeshusha handibreki na taa bado inawaka, nenda kaangalie chupa. Ikiwa inawaka na kuzima, hasa unapokata kona au unaposhuka mlima, maana yake mafuta yako karibu na mwisho, yanacheza ndani ya chupa. Usiichomoe waya ili isikusumbue. Tumeyaona hayo jamani, na hatujui tuyaite nini.

SABABU YA KWANZA: PEDI ZIMELIKA

Pedi mpya kwa magari mengi ina unene wa milimita 10 hivi. Kadiri inavyolika, pistoni inasogea mbele, na mafuta yanashuka polepole kujaza nafasi ile. Hii ni hali ya kawaida. Inachukua miezi, si siku. Kwa hiyo mafuta yakishuka polepole na hakuna mahali palipolowa, chungulia pedi. Zikibaki milimita 3, panga kubadilisha. Ukisikia chuma inalia juu ya chuma, umechelewa: sasa unakula na diski.

Hapa kuna kitu wengi hawakijui. Kama mafuta yameshuka kwa sababu ya pedi, ukaongeza mpaka MAX, siku fundi akiweka pedi mpya atarudisha pistoni nyuma. Mafuta yatapanda na kufurika juu ya chupa. Na mafuta ya breki yanakula rangi ya gari kama tindikali. Kwa hiyo pedi zikiwa zimekwisha, badilisha pedi kwanza. Utashangaa mafuta yanarudi kwenye alama yenyewe bila kumimina hata tone.

SABABU YA PILI: YANAVUJA

Wahenga walisema pakacha likivuja ni nafuu ya mchukuzi. Kwa pakacha, sawa. Kwa breki nafuu hiyo haipo, kwa sababu mchukuzi ndiye atakayeanguka.

Mafuta yakishuka ndani ya siku chache au wiki, usitafute maneno mengine, yanavuja. Tandika boksi bapa chini ya gari usiku, penye kila gurudumu na chini ya injini. Asubuhi tazama penye doa. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza kati ya vidole, na rangi yake ni kama chai ya rangi iliyofifia. Yakizeeka yanakuwa ya kahawia.

Huna hakika kama ni ya breki au ya injini? Weka tone moja kwenye kifuniko cha chupa chenye maji. Mafuta ya injini yataelea juu. Mafuta ya breki ya kawaida yatachanganyika na maji na kupotea. Tumia kifuniko utakachotupa, usichukue kikombe cha nyumbani. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Halafu fuata njia ya mafuta, hatua kwa hatua:

Kwanza, ndani ya magurudumu. Inama utazame ukuta wa ndani wa tairi, ule unaotazama chini ya gari. Ukiona umelowa na vumbi limeganda, kama ni breki ya ngoma raba za silinda ya gurudumu zimekatika. Kama ni ya diski, raba ya kalipa.

Pili, hosi za mpira. Zikunje kidogo kwa mkono. Zikiwa na nyufa, au zimevimba kama mshipa wa mtu mwenye hasira, zimekwisha.

Tatu, mabomba ya chuma chini ya gari. Kutu na mawe vinayatoboa, hasa mahali yanapopita karibu na ekseli.

Nne, masta silinda yenyewe, pale inapoungana na ile sahani kubwa ya duara, yaani busta. Rangi ya busta ikiwa imebabuka chini ya masta silinda, mafuta yanatoka hapo. Mengine yanaingia ndani ya busta na nje huoni kitu.

Tano, kwa gari za gia za mkono, klachi. Kwenye baadhi ya magari klachi na breki zinakunywa chupa moja. Klachi ikivuja, breki inalia.

Mwaka jana hapa kwetu shofa mmoja, kijana mpole, aliongeza mafuta kila Jumatatu kwa wiki tatu. Aliyegundua tatizo si yeye wala si fundi. Ni mama mmoja muuza samaki wa ziwani. Aliinama kuchukua ndoo yake nyuma ya gari, akaona tairi la nyuma kushoto limelowa kwa ndani. Akamwuliza: "Mwanangu, tairi yako inatoka jasho?" Abiria wakacheka, shofa naye akacheka. Lakini neno lile lilimkaa. Baada ya safari ile akaleta gari garajini. Tulipofungua ngoma, raba ya silinda ilikuwa imekatika, na viatu vya breki vilikuwa vimelowa kama kitambaa cha kupigia deki. Gurudumu lile halikuwa linashika kitu. Raba mbili ndogo na viatu vipya, jioni gari ikarudi njiani. Mama yule hajui jina la kifaa hata kimoja ndani ya gari, ila ana macho na hakuogopa kuuliza. Ndio maana tunasema ukurasa huu ni wa familia.

PEDALI INAONGEA, ISIKILIZE

Pedali laini kama sifongo: kuna hewa ndani ya mabomba. Ukipampu mara mbili tatu inapanda, halafu inashuka tena.

Pedali inayozama polepole: jaribu hivi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano sita mpaka pedali iwe ngumu. Kisha kandamiza na ushikilie kwa nusu dakika. Ikisimama, vizuri. Ikizama taratibu kuelekea chini, mafuta yanatoka mahali, au raba za ndani ya masta silinda zimechoka na zinapitisha mafuta kurudi nyuma. Kwa hali hii ya mwisho chupa haipungui, lakini breki ni mbovu. Ukiwasha injini huku umekanyaga, pedali kushuka kidogo ni kawaida, hiyo ni busta inaanza kazi.

Gari inavuta upande mmoja ukifunga breki: upande mmoja haushiki. Inawezekana pedi zimelowa mafuta, au pistoni imekwama.

Pedali inaenda chini sana ghafla, halafu gari inasimama mbali kuliko kawaida: magari ya sasa yana njia mbili za mafuta ndani ya masta silinda moja. Moja ikitoboka, nyingine inabaki na nusu ya magurudumu. Njia hiyo iliwekwa ili uweze kusimama salama, si ili umalizie safari. Shofa anayesema "bado inashika kidogo" anatumia akiba ya mwisho aliyonayo.

KUONGEZA: NINI KIINGIE, NINI KISIINGIE

Kama umeangalia na umejua yalikokwenda, sasa unaweza kuongeza. Soma kifuniko cha chupa. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zimeandikwa DOT 3. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zinaweza kuchanganyika. DOT 5 tupu, bila ile nukta moja, ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Jina linafanana lakini si ndugu.

Nunua kopo ambalo halijafunguliwa. Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani kama chumvi inavyolowa wakati wa mvua. Kopo lililokaa wazi miezi ni maji na mafuta. Na tafadhali, usinunue mafuta ya breki yaliyopimwa kwenye chupa ya soda. Hujui ni nini, na muuzaji mwenyewe huenda hajui.

Usiweke mafuta ya injini, ya giaboksi, dizeli wala mafuta ya kupikia. Mafuta ya petroli yanavimbisha raba za breki. Siku ya kwanza utaona pedali ni nzuri kabisa, utasema fundi wa gazeti anatisha watu bure. Baada ya siku chache raba zinavimba, breki zinashika na haziachii, magurudumu yanapata moto, mwisho zinakataa kabisa. Hapo kuongeza mafuta mazuri hakusaidii tena. Ni kufungua kila kitu, kubadilisha raba zote na hosi, na kusafisha mabomba. Ukiona raba iliyo ndani ya kifuniko cha chupa imevimba na kujikunja, jua kuna mtu amemimina kitu kibaya.

Maji ya sabuni nayo tunayasikia sana, hasa kwa wazee wa malori. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 na yanaleta kutu ndani ya silinda. Sabuni iache ifue nguo.

Na ile tabia ya "kufunga gurudumu", yaani fundi anabana hosi au anaponda bomba la gurudumu linalovuja ili gari itembee na breki za magurudumu matatu. Ndugu zetu mafundi, tunawaheshimu na sisi ni wa kazi hiyo hiyo. Lakini gari ya namna hiyo isipakie watu.

KUTOA UPEPO

Ukishatengeneza panapovuja, lazima utoe hewa iliyoingia. Kazi hii ni ya watu wawili wanaosikilizana. Kama hujawahi kuifanya, simama na fundi mara ya kwanza.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa usukani wa kulia, ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu. Safisha ile nati ndogo ya kutolea upepo, vaa spana ya duara ili usiiharibu, chomeka kipaipu cha plastiki kinachoonyesha, na upande wa pili ukizamishe kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki.

Mwenzako anakanyaga polepole mara tatu, anashikilia. Anasema: "Nimeshika." Wewe unafungua nati robo mzunguko. Mafuta na mapovu yanatoka, pedali inashuka. Unafunga. Ukishafunga ndo unasema: "Achia." Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani na mmefanya kazi bure. Rudieni mpaka mapovu yaishe. Kila baada ya mara nne au tano tazama chupa ya juu, isikauke. Kwa gari ya zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike chini kabisa, maana raba za masta silinda zikipita sehemu yenye kutu ambayo hazijazoea, zinakatika.

Mafuta yaliyotoka usiyarudishe kwenye gari. Baada ya kazi, jaribu breki gari ikiwa imesimama, kisha kwa mwendo wa mguu mahali pa wazi. Abiria baadaye.

MTEREMKO NA JOTO

Kuna hali nyingine inayodanganya watu. Chupa imejaa, hakuna panapovuja, lakini kwenye mteremko mrefu pedali inazama. Sababu ni maji yaliyonyonywa. Kwa kanuni, DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kanuni inaruhusu ishuke mpaka 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka mlima umekanyaga breki muda wote, na nyuma kuna magunia, joto la pedi linaingia kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Ukisimama nusu saa yanapoa, pedali inarudi, unasema ni pepo. Si pepo. Badilisha mafuta yote, na uwe unabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi. Kwenye mteremko weka gia ya chini kabla hujaanza kushuka, injini ikusaidie kushikilia gari.

Na kama pedali imezama uko njiani? Usizime injini, maana usukani utakuwa mgumu. Pampu pedali haraka haraka, rudisha gia chini moja moja, vuta handibreki pole pole, piga honi, tafuta upande unaopanda. Abiria wasiruke.

NENO KWA WENYE MAGARI

Tumefika kwenye mzizi wa jambo. Shofa wengi wanajua kwamba gari inavuja. Wanaongeza na kuondoka kwa sababu jioni kuna hesabu ya siku. Gari ikikaa garajini siku moja, hesabu inabaki deni juu ya kichwa chake, na pale steji kuna vijana watano wanaoomba funguo. Sasa wewe mwenye gari, au ninyi mlionunua gari kwa kikundi cha akiba, mnamlaumu nani? Mkimwambia "lete hesabu" siku ambayo breki zinavuja, ni ninyi mnaoendesha, yeye anashika usukani tu.

Tunaomba mkubaliane jambo moja: siku ya kutengeneza breki haina hesabu. Andikeni hivyo kwenye daftari la kikundi. Raba, hosi na kopo la DOT 3 ni vitu vidogo ukivilinganisha na gari yenyewe, na gari yenyewe ni kitu kidogo ukiilinganisha na waliokaa ndani. Wengi wetu tulifika hapa tukiwa tumetembea kwa miguu siku nyingi ili watoto wapone. Tusiwapoteze kwa ajili ya raba.

Nanyi abiria, mkiona tairi imelowa kwa ndani, au taa nyekundu inawaka na handibreki imeshushwa, ulizeni. Ulizeni kwa heshima, "Baba shofa, taa ile inasema nini?" Shofa mwenye akili hatakasirika. Akikasirika, shuka, subiri gari nyingine.

NYUMBANI

Mafuta ya breki ni sumu. Yasihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji, mtoto hawezi kujua tofauti. Yakimwagika kwenye ngozi, osha kwa maji mengi na sabuni. Yakiingia jichoni, mwagia maji safi kwa muda mrefu na uende kituo cha afya. Mtoto akiyanywa, usimlazimishe kutapika, mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na kopo lile ili muuguzi asome. Yaliyotumika yasimwagwe karibu na bomba la maji wala njia ya mvua inayoelekea ziwani. Yawekwe kwenye dumu lililofungwa na kuandikwa, mbali na watoto.

Kwa leo tuishie hapo. Kesho asubuhi kabla ya safari ya kwanza, fungua boneti, tazama alama mbili, inama utazame tairi nne kwa ndani. Mafuta yakiwa yamepungua, usikimbilie kopo. Uliza kwanza yamekwenda wapi.

Toleo lijalo tutaongea juu ya maji ya rejeta na injini inayochemka. Mwenye swali aliandike kwenye karatasi alitie kwenye sanduku la gazeti, au atufuate garajini. Safari njema, na mfike wote mlioondoka.